Mume wangu ananijibu "sawa" tu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34, naishi Pasua hapa Moshi, nauza nguo za mtumba pale Memorial. Mume wangu ni gaidi wa mlimani, yaani mwongoza watalii, anawapandisha Kilimanjaro. Tuna miaka minane kwenye ndoa na watoto wawili, wa kike wa miaka saba na wa kiume wa mitatu. Hanipigi, hanywi kupita kiasi, hela ya nyumbani analeta. Ukisoma hapo unaweza kusema huyu hana shida. Ninayo.

Mimi ni mtu wa chapchap. Nimezaliwa Korogwe kwenye nyumba ya watoto tisa. Pale kwetu ukisubiri mwenzio amalize kuongea ndiyo na wewe uongee, utaongea ukishazikwa. Tulikuwa tunaongea wote kwa mpigo na tunasikilizana wote. Kazi nayo imezidisha. Belo likikatwa kamba, gauni bado liko hewani umeshaangalia zipu, umeangalia kwapa, umetafuta doa, umeshajua ni mteja gani atalinunua na kwa bei gani, umelivuta. Ukisema ngoja nifikirie, liko kwenye fungu la mwenzio. Sokoni wananiita Mapepe na mimi naitika.

Mume wangu amelelewa na bibi yake Kibosho, wao wawili na ng'ombe. Ukimuuliza kitu, kwanza anaweka chini alichoshika. Halafu anaangalia mbali. Mimi hapo nimeshauliza la pili, na la kwanza nimeshalijibu mwenyewe. Enzi za uchumba ilikuwa raha: naongea ya watu wawili, yeye anacheka.

Siku hizi hacheki. Mwaka jana alipandisha wageni kwa njia ya Machame, siku saba. Nikamtumia jumbe za sauti kumi na moja. Ya kwanza nilimuuliza kama ameshamlipa fundi bomba. Ya tatu nikamgombeza mbona hajibu. Ya sita nilikuwa nalia. Ya tisa nikamwomba radhi kwa ya tatu. Ya kumi na moja nikamwambia yameisha, nimekusamehe. Zote zilimkuta kambi ya Barafu kwa pamoja, usiku, anaamsha wageni waende kileleni. Akaniandikia neno moja: "Nimemlipa."

Mwezi uliopita jirani yangu wa sokoni alikuwa anahamia Dar, akawa anaachia kibanda chake cha kona. Watu watatu walikuwa wanakitaka. Nikampigia mume wangu, hapatikani, yuko mlimani. Nikatoa shilingi 600,000 kwenye akiba yetu nikalipa saa ileile. Na kibanda kinauza, Shangazi, siyo siri. Aliposhuka nikamweleza kwa furaha mlangoni, hata buti hajavua. Akaniangalia. Akasema, "Sawa."

Tangu siku hiyo kila kitu ni sawa. Mama yangu anakuja kukaa wiki mbili. Sawa. Nimenyoa nywele. Sawa. Tule wali au ndizi? Sawa. Kuna siku nilimtega nikamwambia nataka kuuza kitanda tuwe tunalala chini. Akasema sawa, akatoka kwenda kuwapa kuku maji.

Lakini kilichonifanya niandike ni mtoto. Juzi, siku moja kabla baba yake hajaondoka, tulikuwa mezani. Akamuuliza, "Baba, theluji ina harufu?" Baba yake akaweka kijiko chini. Mimi nikasema, "Haina, ni maji yaliyoganda, kula." Mtoto akanigeukia: "Nimemuuliza baba." Halafu akamwambia baba yake, "Basi baba, mama ameshasema." Na yeye akachukua kijiko akaendelea kula.

Shangazi, mimi mlimani sijafika hata getini.

Na yeye asionekane malaika. Mwaka juzi nilimuuliza kuhusu kumhamisha mtoto shule, akasema "nitaona". Nikajitahidi nikanyamaza, wiki tano sikumgusia. Nafasi zikajaa.

Nimeshauriwa mengi. Kwenye semina ya ndoa kanisani mwalimu alisema mimi ni sangwini na mume wangu ni flegmatiki, ndivyo tulivyoumbwa, tuvumiliane. Mama mkwe anasema nipunguze mdomo. Rafiki zangu wa sokoni wanasema mwanaume akiwa kimya ana mtu. Jirani ameniambia nimpelekee jani la sale nimwombe radhi Kichaga, yaishe. Kukaa kimya nimeshajaribu. Nilimaliza siku nzima sijasema kitu, jioni akaniuliza kama nina malaria.

Anashuka Jumamosi. Nifanyeje?

Mapepe, Pasua

*

Marahaba, binti yangu.

Hiyo ya malaria imenimwagisha chai. Lakini naomba uone kitu: mtu unayedhani ameshakususia, alikuona umebadilika akakuuliza kama unaumwa. Huyo hajaondoka. Yupo, amekosa pa kuingilia.

Nianze kwa kufagia. Habari ya "ana mtu" waachie wenyewe sokoni. Mtu aliyekuwa mkimya tangu anachunga ng'ombe wa bibi yake haanzi kuwa na hawara kwa sababu ya kuwa mkimya. Na ya semina nayo tuiangalie vizuri, kwa sababu najua inapendwa. Maneno sangwini na flegmatiki yanatoka kwa matabibu wa Kigiriki wa kale, na aliyeyapa nguvu ni Galen, wa karne ya 2. Waliamini mwili una maji ya aina nne, na tabia ya mtu inafuata yale yaliyozidi. Sangwini ni aliyezidiwa damu. Flegmatiki ni aliyezidiwa kohozi. Utabibu uliachana na hesabu hiyo zamani, lakini kwenye semina zetu bado imepanga. Mimi sina ugomvi na mwalimu wako, ila nikisikia "ndivyo tulivyoumbwa" najua mazungumzo yamefungwa. Wewe hukuzaliwa Mapepe. Umefundishwa na meza ya watoto tisa, kisha belo likamalizia.

Wala sitakwambia haraka haraka haina baraka, maana utanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na sote tutakuwa tumesema kweli bila kusaidiana. Haraka yako inalisha watoto. Sitaki uiache.

Kuna neno letu moja zuri hapa: kudakia. Korogwe kwenu kumdakia mtu maneno ni kumwambia niko na wewe, nimeshafika unapokwenda, tuendelee. Ni kama wapiga ngoma. Kibosho kwa bibi, mtu mmoja na ng'ombe, neno likianza linaachiwa lifike mwisho, na ukilikata kati maana yake ni kwamba halina thamani. Mwanaisimu mmoja wa Marekani, Deborah Tannen, alirekodi maongezi ya marafiki wakila chakula cha sikukuu mwaka 1978. Waliokulia New York walikuwa wanadakiana bila kuchoka, na kwao huo ulikuwa ukarimu. Wenzao kutoka California walikaa wakisubiri upenyo, upenyo haukuja, wakaondoka wakiona wenzao wameitawala meza. Mkate uleule, mezani palepale, na kila upande ulikuwa na adabu zake. Ndiyo ninyi wawili, tofauti ni kwamba ninyi hamwendi kila mtu kwake baada ya kula.

Kwa hiyo mama mkwe akisema upunguze mdomo, amekosea kidogo. Wingi wa maneno yako hauna shida. Mumeo aliyapenda tangu uchumba, alikuwa anacheka. Shida ni kwamba sasa unasema na ya kwake. Angalia jumbe zako kumi na moja: umeuliza, umekasirika, umelia, umetubu na umesamehe, ndoa nzima imepita hapo na mwenzio hayumo. Ulipomwambia "nimekusamehe" alikuwa anatafuta glavu za mgeni gizani. Alibakiwa na nini cha kusema, zaidi ya fundi bomba?

Sasa kibanda. Nitasema ninavyoona, usinune. Kukilipia ulifanya biashara nzuri. Kumpokea nacho mlangoni kama zawadi ndipo ulipoharibu, na nadhani hujajua ulichogusa. Pesa yako inakuja kila siku, leo elfu thelathini, kesho kumi na mbili, keshokutwa sifuri, lakini inakuja. Pesa ya gaidi inakuja kwa mafungu, safari na tipu, halafu masika yanaingia, Machi mpaka Mei, wageni wanapungua, na yeye anakaa nyumbani anahesabu. Akiangalia laki sita mwishoni mwa msimu, haoni laki sita. Anaona Aprili. Anaona unga, kodi na ada ya mtoto wakati buti zake ziko uvunguni. Wewe uliona kona ya soko, yeye aliona Aprili imetobolewa, na hakuna aliyemwambia mwenzie anaona nini. "Sawa" yake ilikuwa na hayo yote ndani.

Niliwahi kupanda mlima ule nikiwa na miaka 26, kwa njia ya Marangu. Nilikuwa na mapepe kuliko wewe. Siku ya kwanza nilikimbia mpaka vibanda vya kulala vya Mandara, mita 2,720, nikafika kabla ya wenzangu wote, nikawapigia makofi walipokuwa wanaingia. Siku ya pili nikakimbia tena mpaka Horombo, mita 3,720. Pale kichwa kilianza kuuma kama kinapasuliwa kuni. Gaidi wetu akapita jioni kibanda kwa kibanda. Akaniuliza, "Dada, kichwa vipi?" Nikasema niko sawa. Hakuondoka. Akachuchumaa mlangoni, akafunga kamba za kiatu chake ambazo zilikuwa zimeshafungwa, akasubiri. Ikapita dakika nzima. Ndipo nikasema, "Kinauma." Akauliza, "Kwa kumi, kinauma ngapi?" Nikasema nane. Asubuhi alinishusha mwenyewe.

Baadaye alinieleza kwamba mgeni anayelalamika hamsumbui. Anayemtia hofu ni anayesema niko sawa haraka haraka, kwa sababu amelipa pesa nyingi, anataka kilele, na anaficha. Kule juu "niko sawa" hailali bila kukaguliwa, maana kuna watu wamekufa nayo.

Mumeo anaifanya kazi hiyo kila wiki. Anajua kuliko mimi na wewe kwamba "sawa" ni neno la kutilia shaka. Kwa hiyo akikuambia wewe sawa, na ya wali au ndizi, huyo ni mgeni wa Horombo. Amejifungia mlango wa kibanda chake cha kulala.

Muulize kama anavyouliza yeye: "Sawa ya ngapi?" Ya kumi au ya mbili? Najua ni kama mchezo, lakini mtu wa maneno machache kumtajia namba ni rahisi kuliko kuanza hotuba, na hiyo ni lugha yake ya kazini. Akisema tatu, usiulize "kwa nini tatu, ni kwa sababu ya kibanda eeh, mimi nilijua, yaani wewe..." Hapo umeshadakia. Chuchumaa ufunge kamba za kiatu.

Kusubiri huko nako nikuambie kidogo, kwa sababu utakuona kurefu kuliko kulivyo. Miaka ya 1970 mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe, Marekani hukohuko, alipima walimu wanampa mtoto muda gani wa kujibu baada ya swali. Sekunde moja hivi, au chini yake, mwalimu anarukia mwingine au anajibu mwenyewe. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa hawasemi kabisa wakaanza kusema. Sekunde tatu tu. Kwa mtu wa Kibosho mimi ningeweka kumi na tano, na ningekaa na kitu cha kufanya mikononi, kunde za kuambua au nguo za kukunja, kwa sababu mikono ya mtu wa belo ikikaa bure mdomo unawashwa.

Sale usimpelekee. Jirani yako amekutakia mema, na mimi mila hiyo naiheshimu sana. Lakini anayeletewa sale Uchagani hatarajiwi kukataa. Jani likishafika, ugomvi unashuka, apende asipende. Wewe tatizo lako ni kwamba kwa miaka minane mumeo hajapewa nafasi ya kusema hapana, halafu umpelekee kitu ambacho kukikataa ni aibu kwa ukoo mzima? Hiyo ingekuwa ujumbe wa kumi na mbili. Mmea huohuo ndio unaopandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Anza na huo wa mpakani.

Mpaka wenyewe ni wa pesa na wa maamuzi. Kubalianeni kiasi ambacho kila mmoja anaweza kutoa bila kuuliza. Sijui kwenu ni elfu hamsini au laki mbili, mnajua wenyewe. Na kwa kuwa yeye anapotea siku saba mahali ambapo simu inashika pale inapojisikia, kaeni dakika kumi usiku kabla hajapanda, kama anavyokaa na wageni wake kuwaeleza safari. Wiki hii nini kinaweza kutokea? Kibanda kikitokea nifanyeje? Mtoto akiugua nani aitwe? Hiyo ndiyo haraka ya kweli: jibu unalo mfukoni kabla swali halijaja. Ukipata hamu ya kumtumia sauti akiwa huko, rekodi, jitumie mwenyewe, usikilize asubuhi. Inayobaki na maana mtumie. Nadhani itakuwa ya fundi bomba.

Nimalize na yeye, maana umesema kweli kwamba si malaika. Ile ya shule ni kosa lake lote. Mwanamke aliyezaliwa kwenye meza ya watoto tisa amenyamaza wiki tano, hiyo ni sadaka, na mwenzio akaiacha ichache. "Nitaona" bila siku ni kukataa kwa woga. Wanaume wa namna yake wanasifiwa busara kwa sababu tu hawaropoki, na wakati mwingine ndani ya ukimya hakuna busara yoyote, kuna mtu anayesubiri mambo yaamuliwe na wengine ili asilaumiwe. Mwombe kitu kimoja tu: kila "nitaona" iwe na siku yake. Nitaona, nitakujibu Jumatano. Na Jumatano ikifika una haki ya kuuliza mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, ya Korogwe.

Jumamosi basi. Mlangoni mpe pole ya safari, umpokee begi, umwache avue buti. Aoge. Weka mtori, watu wanashuka kule na njaa ya siku mbili. Habari zote za wiki, nani kaolewa, nani kadhulumiwa, belo gani lilikuwa la matambara, mwage tu, hizo ni raha yake na amezikosa. Watoto wakishalala, sema hivi, na usiongeze: "Kibanda nilikilipia bila wewe, na nilitoa kwenye pesa ya masika. Ungekuwepo ungesemaje?" Halafu kunde.

Inawezekana akasema asingekubali. Ukilisikia hilo usikimbilie kumwonyesha mauzo.

Lakini kabla ya watoto kulala, mezani, mkumbushe binti yako kwamba kuna swali alimuuliza baba yake na halijajibiwa. Wewe tia tonge mdomoni. Akishajibu, niandikie, maana mimi niliishia Horombo, na theluji niliiona kwa mbali tu.

Shangazi